Jukwaani Kwake Hakufi Mtu

Hakuwa mtu wa kusema halo. Ukipokea simu yake ulikuta neno "donc," lile "basi" la Kifaransa, limekwisha kuondoka kituoni, na kazi yako ilikuwa kulikimbilia.

"Donc, Profesa, muuaji atavaa nini?"

Hapo mimi nimesimama jikoni kwangu Highview, mjini Louisville, wali ndio kwanza umeiva, na mke wangu ananitazama kwa jicho la mwanamke aliyegundua kwamba ameolewa na simu ya mtu mwingine. Kumwambia utampigia baadaye hakukusaidia. Alikaa kimya kwenye laini, akingoja hiyo baadaye ifike.

Uprofesa sikuwa nao wala sijaupata. Nilisoma fasihi chuo kikuu nyumbani Tanzania, nikaja Marekani kuongeza shahada ambayo hadi leo inazuia ukuta wa sebuleni usipauke, na katika miaka hiyo ninayoisimulia nilikuwa mkalimani hospitalini, nikihamisha maumivu ya tumbo kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kanisani kwetu wengi walikuwa Wakongo wa mashariki, watu waliofika Louisville kwa njia ya ukimbizi, nao walisema Kiswahili changu ni cha redio. Siku ya kusoma matangazo ilikuwa sifa. Siku nyingine zote ilikuwa mzaha, na aliyeufurahia kuliko wote alikuwa yeye.

Tulimwita Mwalimu. Jumamosi alifundisha maigizo kwa watoto na vijana wa kanisa. Siku nyingine alikuwa kwenye ghala moja huko Okolona, akizungushia shehena nailoni ili zisimwagike zikipakiwa kwenye malori. Ukimwona akiongoza igizo ulijua anafanya kazi gani siku za wiki. Alilizunguka jambo moja, akalizunguka tena, akalizunguka mpaka hakuna kilichoweza kusogea ndani yake, mwandishi wa igizo akiwemo.

Mwandishi wa igizo nilikuwa mimi. Nilijitolea siku moja nikiwa nimelewa sifa za matangazo, na sikupata tena nafasi ya kujitoa.

Mfukoni mwa koti alitembea na karanga za kuchemsha. Mtoto aliyekumbuka maneno yake alipewa karanga. Aliyesahau alipewa pia, ila kwanza alitazamwa. Alifika kazini kabla ya saa, na kwenye mazoezi yake mwenyewe alifika wakati watoto wamekwisha kupanda juu ya meza. Aliwahubiria vijana uvumilivu, kisha akawapigia honi wazee wenzake kwenye maegesho ya kanisa. Sinema za mashujaa wa Kimarekani alizidharau, akiwaita wale mashujaa "batu ba chupi," lakini ukimwuliza ni nani aliyemshinda nani katika sinema ipi, alijua, na alijua pia kosa la aliyeshindwa. Alikuwa amezitazama zote. Nyingine, nadhani, mara mbili.

Jambo lililomchosha zaidi ni Kiingereza cha watoto. Nyumba zetu zote zilikuwa hivyo: mzazi anauliza kwa Kiswahili kutoka jikoni, jibu linakuja kwa Kiingereza kutoka chumbani, na wote wawili wanaamini wamezungumza. Mwalimu hakukubali. Mtoto akiteleza jukwaani kwa neno moja la shuleni, alisimamisha kila kitu.

"Radi hajuake Kingereza," alisema. "Radi anatokaka Fizi, kule Kongo."

Radi alikuwa shujaa wake. Ilikuwa katikati ya muongo uliopita, miaka ambayo mashujaa walikuwa kila mahali: kwenye mabegi ya shule, kwenye soksi, kwenye maboksi ya chakula cha asubuhi. Watoto waliacha kuja kwenye maigizo ya Daudi na Goliathi. Mwalimu aliudhika kwa wiki kadhaa, akaona hata nailoni haitoshi kuwafunga, na mwishowe akaamua kwamba kama wanataka shujaa anayepaa watapewa, ila awe amelelewa.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza. Radi alikuwa na mbio kuliko mwanga wa taa na alisikia kilio cha mtu popote pale Kentucky. Lakini kabla ya kumwokoa yeyote ilimbidi awasalimie wazee waliopo, mmoja mmoja, kwa mkono, kuanzia mkubwa wao. Nilimwambia Mwalimu kwamba kitu hicho kinaua mchezo.

"Mtu anazama mtoni," nilimwambia, "na shujaa wako anauliza habari za nyumbani."

"Atamukuta. Si iko na mbio?"

"Kwa hiyo mbio zake kazi yake ni kufidia salamu?"

"Voilà," alisema, kana kwamba hatimaye nimeelewa kitu nilichosomea.

Mavazi nayo yalipelekwa kwenye baraza la wazee. Walikuwa wamesikia kwamba mashujaa wa namna hiyo huvaa chupi juu ya suruali, na kwamba watafanya hivyo mbele ya madhabahu. Kikao kilikuwa kirefu. Radi akatoka na suti nyeusi, tai, na joho lililoshonwa kwa pazia lenye pindo la dhahabu. Aliyemwigiza, kijana mwenye miguu mirefu aliyefanya kazi na Mwalimu kule ghalani, alionekana kama bwana harusi anayekimbia harusi yake.

Nimesema kuhusu salamu ili msomaji aelewe kwamba ile haikuwa amri ngumu kuliko zote. Amri ngumu ilikuwa hii: jukwaani kwake hakufi mtu.

"Kwa teatre yangu, mutu hakufake," alisema, na hapo maongezi yaliisha. Ukimwuliza sababu, alikuwa nazo nyingi, na kila moja ilikuwa ya kijinga. Mtoto aliyekufa jukwaani hucheka. Sakafu ni baridi, watoto watapata kikohozi. Wafu wanaziba njia. Nilizichukua sababu hizo moja baada ya nyingine nikazibomoa, maana kubomoa hoja ndicho kitu ambacho chuo kikuu kilinifundisha vizuri, naye akanisikiliza kwa utulivu, akanipa karanga.

Sababu ya kweli ilikuwa inakaa naye nyumba moja. Mke wake, mama mnyamavu wa kwaya, sauti ya pili, alikuwa na kiti chake kanisani, kile cha pembeni kwenye safu ya tatu. Mwaka mmoja kabla sijajiunga nao, Mwalimu alitengeneza igizo la Ijumaa Kuu. Akawaingiza askari kwa mlango wa nyuma, kwa viatu vizito na kelele, watu wakiwa wamekaa. Yule mama alisimama, akatoka kwa mlango wa pembeni bila koti, akatembea kwenye theluji kuelekea barabarani. Mwalimu alimwacha Yesu juu ya msalaba akamfuata. Walirudi wakati kanisa limekwisha kufungwa. Haya niliambiwa na wengine; yeye hakunisimulia kamwe, na yaliyomkuta mkewe kule walikotoka, nyumbani kwao, mlangoni kwao, hakuyasimulia kwa mtu.

Tangu hapo mama alikuja kwenye ibada, aliimba, na viti vilipoanza kusogezwa kwa ajili ya igizo alichukua mkoba wake akaenda kukaa kwenye gari la kanisa. Kiangazi na baridi. Nasi tulijua. Kila mara, kabla hajainua mkono kuanzisha igizo, Mwalimu alikitazama kile kiti cha pembeni, kikiwa kitupu, kisha ndipo akasema "bon," yaani haya, na watoto wakaanza. Mtu huyu aliyetaka mambo elfu kutoka kwangu, kwa nafsi yake alitaka moja tu: mkewe akae kwenye kiti mpaka mwisho wa igizo.

Sasa mweke mtu wa namna hiyo mbele ya Dada wa Columbus.

Kila kiangazi makanisa ya Kiswahili ya miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, yalikutana kwa kwaya, mahubiri, mpira, na alasiri moja ya maigizo. Mwaka huo wenyeji walikuwa Columbus, na kikundi chao kiliongozwa na dada mmoja Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mfanyakazi wa kiwandani, mwenye Kiswahili safi kuliko changu na subira fupi kuliko ya mke wangu. Alimwendea Mwalimu kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ça va."

Baadaye dada alinivuta pembeni. "Kaka, huyu mzee wenu kanikatalia shikamoo mbele za watu." Nilimweleza kwamba kule alikotoka Mwalimu salamu hiyo haijazoeleka. Alinielewa vizuri sana, na hakusamehe.

Kisha jukwaa likafunguka, tukaona kwamba Columbus nao wana shujaa. Aliitwa Upepo. Aliyemwigiza alikuwa msichana wa sekondari mwenye gauni la kitenge na joho la buluu. Alifunga na kufungua milango kwa mbali, na majambazi aliwaangusha kwa kupuliza tu. Alikuwa akimwokoa bibi mmoja aliyebeba mifuko ya sokoni. Watu walicheka, wakapiga makofi. Nikamwona Mwalimu pembeni ya jukwaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta gari lake linaendeshwa na mwingine.

"Nenda," alimwambia Radi.

"Papa, si zamu yetu."

"Bibi iko nalia. Radi anasikiaka kilio. Nenda."

Akamsukuma. Kijana akajikuta katikati ya igizo la watu, na kwa kuwa hakujua la kufanya alifanya alilozoeshwa: akaanza kuwasalimia wazee wa jukwaani kwa mkono, majambazi wakiwemo.

"Nani kakuita?" aliuliza Upepo.

"Nimesikia kilio."

"Hajalia. Anacheka."

"Basi nitambebea mizigo."

"Mizigo naibeba mimi."

Wakavutana mfuko ukapasuka, viazi vikabiringika mpaka miguuni kwa wachungaji. Ukumbi haukuwahi kufurahi namna ile. Waliokuwa hawana furaha ni waongozaji wawili nyuma ya pazia. Dada alisema kwamba huo ni wizi. Mwalimu alisema kwamba shujaa hasubiri ratiba. Mimi nilisimama katikati yao nikitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili, kazi ambayo hakuna hospitali iliyowahi kunilipia.

Wachungaji, ambao walikuwa na njaa, waliamua haraka: mwaka ujao Buffalo hakutakuwa na maigizo mawili. Litakuwa moja, na mashujaa wote wawili watakuwemo, wapende wasipende.

Mwaka huo ndio uliomaliza nywele zangu. Dada alitaka adui mkubwa, maana bila adui mkubwa mashujaa wawili hawana sababu ya kupatana. Vijana wake walitaka muuaji wa kukodiwa, aliyetumwa kummaliza yule bibi wa mifuko. Nilidhani Mwalimu angekataa palepale, na nilikuwa nimejiandaa kumtetea. Alikubali.

"Muuaji," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Na jukwaani kwako mtu hafi."

"Hakufake."

"Mwalimu, muuaji asiyeua si muuaji. Ni mtu mwenye mwavuli."

Akafikiri. "Bon. Mupatie mwavuli."

Ndivyo ilivyoingia silaha katika igizo lile. Nilikuwa nafanya kejeli, yeye akaandika mahitaji.

Mlango ndio ulionivunja. Aliagiza muuaji aingie kwa mlango wa nyuma, ule wanaoingilia watu, watu wakiwa wamekaa. Nikaacha mzaha. Nilimkumbusha, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, kwamba mlango wa nyuma ndio uliomtoa mama kwenye theluji.

"Paka ule mlango," alisema. Mlango ule tu, si mwingine.

"Lakini unataka akae, Mwalimu. Unataka akae halafu unamletea kitu kilekile kilichomwondoa?"

"Profesa." Alikuwa ameshika karanga lakini hakunipa. "Akiingia kwa mulango ingine, mama atajua ni mchezo ya batoto. Anatakiwa aingie pale, na asiweze kumufanyia mutu kitu."

Sikuafiki. Nilisema hivyo kwenye simu, kanisani, kwenye maegesho, na siku moja kupitia dirisha la gari lake likiwa linaondoka. Hata leo sina hakika kwamba alikuwa sahihi. Niliandika kama alivyotaka kwa sababu nilichoka, na nimeona vitabu vizima vilivyoandikwa kwa sababu hiyo.

Aliyekosekana sasa ni muuaji mwenyewe. Hakuna mama aliyekubali mwanawe aigize, Louisville wala Columbus. Jina la jukwaani hubaki na mtoto. Mvulana aliyewahi kuwa Yuda alikuwa bado anaitwa Yuda kwenye basi la shule. Vijana wakubwa walisingizia zamu za ghalani. Mwishowe Mwalimu alivaa koti refu na kinyago cheusi yeye mwenyewe, na mazoezini aliingia kama mtu anayeogopa kuachwa na basi, mwavuli kwapani, akisahau maneno yake mawili. Maneno yake yalikuwa "Bibi, nimekuja."

Mashujaa nao walikuwa bado wanagombana, na hilo halikuwa kwenye igizo. Radi alitaka amkamate muuaji yeye. Upepo alisema hakutoka Columbus kuja kufunga milango. Niliandika pigano la mwisho lenye hatua nyingi kuliko densi ya harusi, kila mmoja apate zamu yake, na waongozaji wawili walilipitia kwa simu wiki baada ya wiki, Dada akimwita "mzee wangu" kwa sauti ambayo haikuwa na mzee wala wangu.

Buffalo ilitupokea kwa mvua. Kanisa lao lilikuwa upande wa West Side, katikati ya nyumba kuukuu za mbao, ukumbi mkubwa wenye harufu ya mawigi yaliyoloa na maandazi. Wenyeji walikuwa na protokole makini, vijana na akina mama wanaopokea watu mlangoni, wenye mikanda ya rangi begani na glavu nyeupe. Wageni kutoka miji mingine walikalishwa mbele kabisa. Mama akakalishwa mbele. Viti vilipoanza kusogezwa niliona anachukua mkoba wake, anasimama, anakwenda dirishani, anarudi. Dereva alikuwa ameondoka na gari kwenda kununua soda. Akakaa tena ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliye kwenye kituo cha basi.

Mwalimu hakuyaona hayo. Alikuwa nje kwenye kona ya barabara, ndani ya koti na kinyago, akingoja Radi na Upepo wafike kwenye ugomvi wao ndipo aingie.

Wakafika. Bibi akasimama katikati na mifuko. Nami nikiwa nyuma ya pazia nikashika karatasi zangu nikamtazama mama tu, safu ya kwanza, na nilikuwa na hasira na mume wake kuliko nilivyowahi kuwa na mtu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Muuaji akasimama kizingitini, akichuruzika maji, mwavuli mkononi.

Protokole aliyekuwa kwenye mlango huo hakuwa amehudhuria mazoezi yoyote. Alichokiona ni mgeni mtu mzima, amechelewa, amelowa, amejifunika uso kwa ajili ya mvua na baridi ya ziwani. Akamwendea kwa heshima.

"Karibu, papa. Karibu sana." Akampokea mwavuli, akauweka kwenye ndoo pamoja na miavuli mingine. Akamshika mkono, akampitisha katikati ya ukumbi mzima, mbele ya mashujaa waliokuwa wamesahau kugombana, mpaka safu ya kwanza ya wageni. Hapo kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Akamkalisha, akampa chupa ya maji.

Msomaji atauliza kwa nini hakukataa. Mtu aliyewafundisha watoto kwamba hata mafuriko husubiri salamu angekataaje kiti? Alisema asante. Nilimsikia.

Kiti kile kilikuwa kando ya mke wake.

Mama alikuwa amegeuka mlango ulipofunguka, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari umesogea. Sasa akatazama chini, akaona viatu: viatu vya ghalani vyenye chuma mbele, alivyokuwa akivipita kila asubuhi kwenye korido ya nyumba yake. Akavitazama kwa muda. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitenge, akaanza kumpangusa muuaji maji shingoni.

"Umelowa," alisema. "Ungekuja na koti ingine."

Mshereheshaji wa Buffalo, mtu wa kufuata utaratibu, naye alidhani sehemu hiyo imo. Akashika kipaza sauti. "Tumepata mgeni. Tunaomba asimame atusalimie."

Muuaji akasimama. Maneno yake mawili yalikuwa yamemtoka, kama kawaida.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," likajibu kanisa zima.

Baada ya hapo pigano langu la hatua nyingi halikuwa na pa kuanzia. Nikaona Radi anamtazama Upepo, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hawakuwa wanashindana. Walikuwa vijana wawili walioachwa na wakubwa katikati ya ukumbi. Radi akashuka jukwaani. Akainama, akamsalimia mzee kwa mikono miwili, kama alivyozoeshwa, na hakuuachia mkono. Upepo akashuka upande wa pili, akaushika mkono wa kushoto, naye hakuuachia. Bibi wa mifuko akabaki juu peke yake, salama kabisa.

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha mama mmoja wa Buffalo akasema kutoka nyuma, "Mumushike vizuri huyo," na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Muuaji akajaribu kujinasua kidogo, kwa ajili ya sanaa. Hakuweza. Nilipoangalia vizuri nikaona kwamba kulikuwa na mtu wa tatu. Mama, akiwa amekaa, mgongo sasa umefika kwenye kiti, alikuwa ameshika pindo la lile koti, na alilishika mpaka makofi yakaisha.

Dada wa Columbus alikasirika. Mwaka wake mzima wa mazoezi ulikuwa umekwenda na mwavuli kwenye ndoo. Nami nilikasirika. Mwalimu alivua kinyago, akafuta uso kwa kitenge cha mkewe, na kabla hatujafungua midomo akasema, "Nilipanga paka vile." Alilisema hilo njia nzima ya kurudi, Buffalo mpaka Columbus, Columbus mpaka Louisville. Kufikia nyumbani alikuwa ameanza kuliamini.

Baadaye Mwalimu na mkewe walihamia Columbus, kwa watoto wao. Simu za "donc" zikapungua, kisha zikakoma, na wali wangu ukawa unaliwa ukiwa moto. Nilisema kwamba ni nafuu, na nilisema hivyo mara nyingi kupita kiasi.

Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimekwenda Columbus kwa mafunzo ya wakalimani. Jumamosi alasiri nikaulizia, nikaelekezwa kwenye kanisa lililopanga ukumbi kati ya duka la matairi na la simu. Mgongo ulikuwa umemshika; ghala lilikuwa limechukua chake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya vijana, na Dada wa Columbus alikuwa akiwapanga wengine huku na huku. Aliniona. Hakunisalimia.

"Donc," alisema, kana kwamba tulikatika jana, "mwisho wako bado haiko muzuri."

Walikuwa wanarudia igizo lile. Nilikaa. Radi alikuwa kijana mwingine, Upepo msichana mwingine, viazi vilevile. Wakagombana. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka.

Muuaji huyu hakuingia kama mtu wa kuachwa na basi. Aliingia taratibu, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hajamtazama mtu yeyote, ni kugeuka na kuufunga mlango nyuma yake bila sauti. Ndipo akatutazama. Watoto waliacha kutafuna. Mimi, mtu mzima mwenye shahada ukutani, nilitafuta kwa macho mlango mwingine uko wapi.

Kinyago kikavuliwa. "Shemeji," alisema mama, mke wa Mwalimu, "habari za Louisville?"

Nikamgeukia Mwalimu kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini. "Umemwachia huyu afanye hivi?"

"Miye?" Alikuwa amekereka, na ni kukereka kwa siku nyingi. "Nilikataa. Uliza Dada. Nilikataa, nilikataa."

"Alikataa," alisema Dada. "Tumechoka."

Mama alikuwa anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Ule alikuwa anaingia sawa mutu anatafuta choo," alisema, bila kumtazama mumewe. "Batoto walikuwa banacheka. Mimi ndiye najua vile muuaji anaingiaka."

Mwalimu alitazama karanga mkononi mwake.

"Bon," alisema mwishowe. "Turudie. Protokole yetu haiko leo. Profesa, weye."

"Mimi?"

"Uko na kazi gani ingine?"

Nikaenda nikasimama mlangoni. Radi na Upepo wakaanza ugomvi wao. Mlango ukafunguka, akaingia, akageuka, akaufunga bila sauti. Nilijua ni nani, nilijua viatu, nilijua mkoba aliouacha kwenye meza, na bado mkono wangu ulichelewa kidogo kabla ya kunyooka.

"Karibu, mama," nilisema. "Karibu sana."

Nikampokea mwavuli. Nikampitisha katikati ya viti mpaka safu ya mbele, nikamwonyesha pa kukaa. Akakaa, akaegemea.

Nikamtazama Mwalimu, nikingoja aniambie nimekosea wapi. Hakusema donc. Alikuwa anakitazama kile kiti.